Sauti Isiyosalimu

Hafidha binti Pazi wa Mafiga alikulia stesheni, ile ya zamani ya Wajerumani, yenye kuta nene na paa la chini. Kipaza sauti hakikuwapo. Treni ikichelewa, na ilichelewa kwelikweli, baba yake, mfanyakazi wa reli, alipita benchi kwa benchi, akawaamkia wakubwa, akauliza habari za shamba, ndipo akatoa habari ya treni. Abiria walikasirika, lakini walijua wamkasirikie nani.

Stesheni mpya ni mambo mengine. Vioo toka chini hadi juu, ngazi zinazopanda zenyewe, na paa lililonyanyuliwa vilelevilele kuigiza Uluguru, kana kwamba milima yenyewe haionekani pale nje. Tusiseme uongo, inapendeza. Hafidha alipoingia mara ya kwanza alisimama katikati ya ukumbi akitabasamu peke yake. Ila kwa paa refu namna ile, sauti inashuka kutoka juu haina mwenyewe.

Na sauti hiyo ndiyo aliyoitaka iwe yake. Alikuwa ameshauza vitenge, ameshapokea simu katika ofisi za watu, lakini kazi ya kutangaza treni ndiyo ya kwanza aliyoiombea dua. Wakampa kwa majaribio. Msimamizi wake, Oscar, bwana mmoja ambaye shati lake halijui mkunjo, alimwambia asome kilichoandikwa, asiongeze wala asipunguze.

Siku ya kwanza Hafidha akabonyeza kitufe, akatazama chini kupitia kioo, akaona ukumbi umejaa watu wazima wa kofia na kanga. Neno likamponyoka.

"Shikamooni!"

"Marahabaa!" ukumbi ukaitikia. Wapo waliocheka, wapo waliosimama kumtafuta aliko. Hafidha akasoma vituo vyake, Mkata, Kilosa, Kidete, huku jasho linamtiririka shingoni.

"Dada Hafidha, hapa si msibani hata usalimie watu wote," Oscar alimwambia.

"Samahani, bosi. Ni wakubwa wale."

Aliahidi kuacha, akashindwa. Kila akibonyeza kitufe, shikamoo inatangulia, na ukumbi unaitikia. Wiki ya tatu Oscar akachoka. Akamhamishia dirisha la maulizo, na matangazo yakawa ya sauti iliyorekodiwa, safi, ya mwanamke asiyejulikana ni nani. Hafidha alilia chooni, akanawa uso, akarudi dirishani. Majaribio yalikuwa yanaelekea ukingoni na alijua mwisho wake.

Siku ileile walikuwapo wazee wa Mlali, ambao wiki zote tatu walikuwa wakienda na kurudi Dodoma kwa shughuli ya posa ya kijana wao. Treni ya Dodoma ikatangazwa. Wakakaa. Ikatangazwa tena, nao wakaendelea na soga zao na vikapu miguuni, mpaka treni ikaondoka. Hafidha akatoka mbio dirishani.

"Shikamoo, mama! Treni yenu imeondoka! Hamkusikia?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi Mwanahawa, shangazi wa yule kijana. "Tumesikia. Kilosa, Gulwe, yote tumesikia. Lakini hatukusalimiwa. Tukajua wanaambiwa wengine."

Oscar alikuwa ameshafika, tayari kugomba. Aliwatazama wazee wale, ambao hata hasira hawakuwa nayo, akaona aibu, na ilionekana usoni mwake. Akaenda mwenyewe kuwaombea nafasi katika treni inayofuata.

Aliporudi akamwambia Hafidha, "Panda juu."

"Na… na salamu je, bosi?"

"Panda juu, dada. Utawaachaje watu wazima bila salamu?"

Saa ya treni ilipofika, Hafidha akabonyeza kitufe.

"Shikamooni, wazee wetu."

Chini kule Bi Mwanahawa aliitikia kwa sauti kuliko wote, akajifunga kanga vizuri, akawageukia wenzake.

"Haya, inukeni. Sasa tunaambiwa sisi."