Tomasa wa Arobaini

Evelio, fundi mstaafu wa majokofu pale mjini Camagüey, alikuwa na programu ya chesi aliyoiandika mwenyewe kwa miaka minne. Aliipa jina la mama mkwe wake, Tomasa, kwa kuwa nayo haikumsamehe mtu kosa. Kila alipoirekebisha, Tomasa mpya alipambanishwa na wa zamani michezo mia tano. Akishinda anabaki, akishindwa anafutwa.

Jumanne, Tomasa wa arobaini na moja alitoka sare na wa arobaini: mia mbili hamsini kwa mia mbili hamsini. Evelio akafungua mafaili kuona kulikoni. Alikuwa amehifadhi toleo jipya juu ya la zamani, na kutwa nzima Tomasa alikuwa anacheza na nafsi yake. Akamjaribu mwenyewe, huyo mpya akampa malkia bure. Na Jumamosi, mbele ya klabu nzima, Tomasa alikuwa apambane na Liborio kinyozi, ambaye yule wa arobaini alishamchapa mara kumi na moja.

"Muulize Liborio," akasema mkewe Zenaida, akimenya mihogo.

"Liborio anajua nini?"

"We muulize tu."

Liborio alikuja na flashi mfukoni na uso wa msiba. "Pole, jirani. Nasikia umefiwa." Akaiweka flashi mezani. "Wa arobaini yumo humu."

"Tomasa wangu umempata wapi?"

"Tusianzie huko. Nacheza naye kila asubuhi tangu Februari. Jumamosi ningekuumbua."

"Mwizi mkubwa we. Mbona unamrudisha?"

"Sasa nimshinde nani? Huyo wako mpya anagawa malkia kama peremende."

Akatoa na daftari. Humo alikuwa ameandika makosa hamsini na matatu ya Tomasa, kuanzia farasi anaowatoa mapema hadi askari anaowasahau mwishoni. Evelio alisoma kwa hasira ya mzazi anayesikia mwanawe akisengenywa. Kufika ukurasa wa tatu alikuwa ameshachukua kalamu, ananakili, na furaha aliyokuwa nayo ilimkera. Mwaka mzima alikuwa anayatafuta makosa hayo.

Zenaida akaleta kahawa. Haikuwa ile ya mgao wa serikali, iliyochanganywa njegere. Hii ilikuwa nzito, inanukia hadi mlangoni. Evelio akanywa funda moja, akakitazama kikombe, akamtazama Liborio, ambaye ghafla alikuwa anakagua dari.

"Zenaida, kahawa hii tuliipata lini?"

"Februari," akasema mkewe. "Kunywa, itapoa."