Nani Kasuka Kikapu Hiki

Kwa mama yangu, mwanamke hakujitaja kwa kazi ya mikono yake. Mgeni akiuliza kikapu hiki nani kasuka, mwenyewe anainama na kunyamaza, na aliyekaa jirani yake ndiye anayesema, ni cha huyu. Tulikuja na desturi hiyo kutoka Burundi mwaka 1972, nikiwa msichana wa miaka kumi na minane. Tangu hapo nimeishi Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda. Nimezika mume, nimelea watoto wanne, shule sikuingia hata siku moja, na desturi ile sikuivunja mpaka mwaka 1999. Naeleza ilivyovunjika kwa sababu wapo wanaoeleza vingine.

Mwaka ule Bwana Gelasius, mwenye ofisi ndogo ya mradi pale Mpanda mjini, alikuja kwenye kikundi chetu cha wasukaji akasema vikapu vyetu vinaweza kuuzwa Ulaya bila sisi kuondoka hapa. Yeye alikuwa na kompyuta. Mwenzake Sixte, huko Dar es Salaam, alikuwa na simu ya kuiunganisha kompyuta na mtandao, na wawili hao walikuwa wanatengeneza duka lisilo na mlango wala rafu. Mnunuzi anaona picha kwenye kioo, anabonyeza, na kitu kinaingia kwenye kikapu chake. Bernadetha, mwenyekiti wetu, akauliza kama kikapu nacho kinaingia kwenye kikapu. Tulicheka sana siku hiyo.

Programu ya duka lenyewe Gelasius hakuinunua. Alisema watu waliiandika wakaitoa bure, na ndani yake wameiacha wazi, anayejua aingie, aongeze, arekebishe. Yeye mwenyewe alikuwa ameongeza mahali pa kuandika jina la aliyesuka, chini ya kila picha. Alitupitishia karatasi alizochapa kutoka ndani ya programu hiyo. Juu kabisa yalikuwa majina ya walioianza, na chini yao walioongeza, watu wa nchi mbalimbali ambao hawajawahi kuonana. Sharti lao ni moja, alisema, usifute jina la aliyekutangulia.

Kisha akapiga picha vikapu vyetu, kimoja kimoja, akiuliza nani kasuka. Akafika kwenye changu, kile chenye kifuniko kilichochongoka na meno meusi yanayopanda mpaka nchani. Meno yale niliyabuni mwenyewe, nikayafumua mara tatu kabla hayajakaa sawa. Jirani yangu alikuwa Aurélie, katibu wa kikundi, mwenye darasa la saba, na mama yake na wangu walitoka mlima mmoja kule Burundi. Nikainama. Nikasubiri.

Aurélie akasema, "Andika Aurélie."

Alisema taratibu, kama mtu anayetaja kipimo cha unga. Nilibaki nimeinama. Kusema baada yake kungekuwa kugombania sifa mbele ya mgeni, na yeye alijua hivyo. Baadaye nilipomuuliza, akajibu kwamba kompyuta inataka jina la mtu anayeweza kusaini.

Nilikaa na jambo hilo miezi minne. Jumanne moja asubuhi Aurélie akaja nyumbani kwangu, anatabasamu. Mnunuzi mmoja alikuwa ametaka vikapu ishirini vya meno meusi, tena aliomba picha ya mama aliyesuka, iwekwe dukani pamoja na maisha yake kwa kifupi. Akaniambia nianze kuvuna majani. Nikamuuliza picha itakuwa ya nani.

"Yangu, kwa niaba ya kikundi," akasema. "Nimeshapigwa. Inaondoka leo na treni, kwenye bahasha ya kwenda kwa Sixte."

Alipotoka tu nilimwomba jirani baiskeli, mwanawe wa kike Emelyne akanipakia mpaka mjini. Njia nzima nilikuwa nawaza saa. Treni ya Kaliua ilikuwa inaondoka mchana, na bahasha ikishaingia ndani ya behewa, nitabaki mikono tu, na maisha yangu yatasomwa kwa jina la mwingine.

Nilimkuta Gelasius anaandika, jenereta inakohoa nje. Aurélie alikuwa amenitangulia kwa pikipiki ya mtu. Picha yake ilikuwa mezani, amekishika kikapu changu kifuani kama mtoto aliyemzaa.

Nikasema nimekuja kwa ajili ya jina. Gelasius akaitazama saa ya ukutani. Mafuta yaliyobaki, alisema, ni ya nusu saa, na akizimikiwa kabla hajanakili kwenye disketi, safari inayofuata ni wiki ijayo na mnunuzi hatasubiri. Lakini akaacha kuandika. Akachukua kikapu changu, kilichobaki pale ofisini baada ya picha, akauliza kama siku ile.

"Nani kasuka?"

Aurélie alinigeukia mimi, akaongea polepole, kwa heshima yote.

"Mama Telesfori, tangu lini mtu wa kwetu akajitaja mwenyewe? Mama yako angekuona leo?"

Nilimwona mama yangu ameinamisha kichwa, kweli nilimwona. Nikamwona na yule jirani wa mama, ambaye hakukosa kumtaja hata siku waliyokuwa hawasemezani. Jenereta ikakata kidogo, ikarudi.

"Mimi," nikasema. "Nimesuka mimi, na meno haya nimeyabuni mimi. Aliyetakiwa kunitaja ni huyu hapa."

Gelasius akamsogezea Aurélie kikapu, akamwomba aeleze tu jino la kwanza linaanzia kwenye mzunguko wa ngapi. Aurélie akasema hayo ni maswali ya mtoto. Akachukua picha yake mezani, akatoka. Gelasius akafuta jina lake akaandika langu. Alinipiga picha nikiwa na vumbi la njia usoni, akasema itafuata baadaye ikishasafishwa. Kisha akakimbia na disketi kwenda stesheni, na Emelyne akaja kuniambia ameiona treni ikiondoka na disketi, naye Gelasius anarudi mikono mitupu.

Kikundini habari ilifika kabla yangu. Hawakusema Aurélie ameiba. Walisema nimejitaja. Bernadetha alinigawia majani ya vikapu vyote ishirini, akasema kwa kuwa ni kazi ya mtu mmoja, basi aifanye mtu mmoja. Wengine wakasogeza mikeka yao upande wa pili, wakanipa na jina jipya, Mama Mimi.

Nilipewa wiki sita. Nilisuka ishirini peke yangu, vidole vikipasuka, na kila kimoja nilikitia meno mpaka nchani.