Shamba Halirushi Ndege

Mwaka ule tulikula ndengu mpaka kuku wakazikataa. Zilizaa kila mahali, kuanzia kwetu hapa nyuma ya soko la Kabati mpaka kwa shemeji zetu kule Tawa, na wanunuzi wakajifanya hawazioni. Asubuhi ndengu, jioni ndengu na muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Ndio mwaka mwanangu wa kwanza alitoka Emali na karatasi za kazi ya ndege kwenye bahasha, mjukuu wangu, mpwa wake, akimfuata nyuma. Nikawapakulia ndengu.

Huyu mjukuu ni msichana, na ni rubani. Narudia: rubani. Wengine kanisani walifikiri ni yule wa kugawa soda. Wakati huo alikuwa akirusha zile ndege ndogo za kupeleka watalii mbugani. Sasa kampuni kubwa ilikuwa imemtaka. Ingemfundisha kurusha ndege yake kubwa, naye aifanyie kazi miaka mitano. Akitoka mapema, arudishe gharama yote ya mafunzo. Hapo sikuwa na neno. Mtu akikufundisha, mfanyie kazi.

Lakini kampuni ilitaka pia mdhamini mwenye shamba.

"Mwaitu, mama yangu, weka tu kidole hapa," mwanangu akasema. "Ni kawaida. Marubani wote hufungwa hivi." Alikuwa amebeba hata wino wa dukani kwake.

"Isomwe kwanza."

"Ni Kizungu cha mawakili, hutaelewa."

"Sijakuambia wewe." Nikamgeukia mjukuu. "Soma, mama. Kwa Kiswahili, polepole, kama unasoma Biblia."

Akasoma. Alipofika pa ugonjwa, sauti ikashuka. Rubani hupimwa kila mara, macho, masikio, moyo. Daktari akimkataa, harushi tena. Na karatasi ilisema hata hapo gharama ni juu yake. Akishindwa kulipa, ni juu yangu, na shamba liuzwe.

Mimi nilianza maisha na mbuzi wa wenyewe. Unapewa mbuzi wa mtu umchunge, akizaa mnagawana. Akifa kwa ugonjwa, unampelekea mwenyewe ngozi. Anaigeuza, anaiangalia, mnakunywa chai, yamekwisha. Hakuna siku nilidaiwa mbuzi aliyejifia. Mbuzi hao ndio walimsomesha binti yangu, mama ya huyu rubani, kabla hatujamzika hapo karibu na makonge.

"Hawa watu wanataka ngozi na mbuzi pia," nikasema. "Siweki kidole. Anayetaka rubani achukue rubani. Shamba halirushi ndege."

Mwanangu akasukuma sahani. "Unamzuia mtoto kwa sababu ya mawe na miiba?"

"Mawe hayo ndiyo yanamfunika dada yako. Na wewe si una ploti Emali? Weka hiyo."

Akavuta tena sahani, akaanza kutafuta kitu kwenye ndengu zake. Sijui alikuwa amepoteza nini humo.

Mjukuu hakucheka. "Susu, nyanya yangu, nafasi kama hii hairudi," akasema, akaenda kukaa kwenye gari. Krismasi hiyo hakuja, na simu hakupiga. Kila ndege ikipita juu nilitoka nje na mwiko mkononi nikaitazama mpaka ipotee. Iliniuma. Lakini kidole changu kilibaki kikavu.

Na nafasi ilirudi. Mwaka huu kampuni ileile, marubani wameipungukia, ikamtumia karatasi tena. Safari hii alikuja peke yake, akaketi karibu nami jikoni akinisaidia kutoa mawe kwenye ndengu.

"Wametoa ule ugonjwa, Susu. Daktari akinikataa, sidaiwi."

"Na shamba?"

"Bado liko."

Nikamwangalia mikono. Hakuwa na wino. Akatoa simu, akampigia afisa wa kuajiri wa kampuni hiyo, akafungua sauti ili nisikie.

"Nyanya, habari yako," afisa akasema, sauti laini ya Nairobi. "Ni alama ndogo tu. Tumeshawalegezea sana. Bila mdhamini mwenye shamba hatuwezi kumchukua. Kwani hutaki mjukuu wako apae?"

Mjukuu akanisogezea simu mdomoni.

"Mwambie vile ulituambia, Susu," akasema. "Usipunguze hata neno."

Nikaweka uteo wa ndengu chini.

"Siweki kidole. Anayetaka rubani achukue rubani. Shamba halirushi ndege."