Nilimwambia Afisa wa Intaneti Nyumba Yetu ni Ofisi

Admin nifiche vizuri, maana mume wangu naye anaufuata ukurasa huu. Mie mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Temeke, nimeolewa Madale mwaka wa sita huu. Mtoto hatuna. Nina mdomo, hilo sifichi, na nililofanya nimelifanya na akili zangu timamu.

Mume wangu ni fundi redio. Sebuleni ana kompyuta kuukuu haizimwi usiku wala mchana, anaiita baraza. Watu wenye ugonjwa wa redio kama wake, wa Ukonga, wa Buguruni, mpaka wa mikoani, wanaingia humo kupitia intaneti yetu ya nyumbani, wanaachiana ujumbe: redio yangu inakoroma, nani ana spea, mara wanabishana mpira. Bure kabisa. Mdogo wake, Idi, kila akija anamwambia, "Braza, weka matangazo humu, hii biashara umeikalia." Yeye anakataa, anasema baraza halina kiingilio.

Mwaka jana nilijifungua mtoto wa miezi saba, hakuwa hai. Mume wangu akaenda kuzika, akarudi, akakaa kwenye kompyuta. Kwangu hakusema neno. Wiki ya pili nikachungulia humo, nikakuta kawaandikia watu asiowajua hata sura. Kaandika mtoto alivyofanana na mama yake, kaandika alivyolia makaburini. Wanampa pole, anawajibu mmoja mmoja. Mie niliyembeba nilikuwa chumba cha pili naangalia ukuta. Niliumia jamani, nikaapa hilo baraza lazima life.

Haukupita muda akaja afisa wa kampuni ya intaneti na faili lake. Anasema laini yetu inatumika kuliko kawaida ya nyumba ya watu wawili, anataka kujua ni ya nyumbani au ya biashara, maana bei zake ni tofauti. Mke mwenye adabu angesema mwenye nyumba hayupo, rudi jioni. Mie nikamkaribisha, nikampa juisi ya ukwaju, nikamwambia, "Hapa ni ofisi, kaka. Wateja wengi tu, na wanalipia." Akaandika, nikatia sahihi.

Mwezi uliofuata tukawekwa daraja la biashara, bei hatuiwezi. Mume alipopiga simu kuuliza akajibiwa tu kwamba kuna mtu wa karibu katoa maelezo. Akakata simu, akasema, "Idi." Akampigia palepale, spika iko juu: "Usikanyage kwangu. Na nikifa usiguse jeneza langu." Idi analia, anaapa. Mie nilikuwa nachambua mchicha, nikaendelea kuchambua.

Baraza likazimwa. Idi akaja siku moja, nikamkuta getini. "Shemeji, niombee, wewe atakusikiliza." Nikamwambia, "Nenda zako, mnafiki mkubwa." Nikafunga geti. Sitawadanganya, nilisikia raha.

Na mnajua nini? Tangu lizimwe, mume wangu anaongea na mie. Jioni tunakaa kibarazani ananisimulia kila kitu. Juzi ndiyo kalitaja jina alilotaka kumpa mwanetu, tukalia wote. Nilichokitaka nimekipata.

Jana kaja na barua. Kumbe alikata rufaa. Jumatatu anaitwa kampuni akaoneshwe faili zima na maelezo yaliyotiwa sahihi, ajibu hoja. Amefurahi kama mtoto, anasema anataka aione sahihi ya Idi kwa macho yake, aipige picha, ampelekee mama yao. Shati kashanyoosha. Ananibembeleza nimsindikize, eti mie ndiye mtu pekee aliyebaki naye.

Pole zenu sizitaki, na matusi nimeshajitukana mwenyewe. Nijibuni hili moja tu: nimwambie leo akiwa bado ananishika mkono, au nikae naye pale dirishani kwao kampuni, nisubiri afungue faili?