Helikopta Niliyotaka Kuivika Bunduki

Mtu mwenye akili angemwambia yule kapiteni kwamba hajawahi kugusa helikopta. Mimi nilimwambia, "Hii kwangu ni kazi ya asubuhi moja." Nilisema hivyo nikiwa mbele ya karakana yangu ya Kikula, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya kipaji cha uso, na kwa sauti ambayo jirani muuza mkaa angeisikia bila kujisumbua. Akaisikia. Kufikia saa sita mtaa mzima ulijua kwamba natengeneza ndege ya vita, na mimi nikawa sina tena mlango wa kutokea.

Kapiteni alikuwa mtu mpole mwenye shida yake. Helikopta ya kikosi chao ilikuwa ya kazi za kawaida: kubeba magunia ya unga, kubeba askari, na kuleta wagonjwa wa vijiji vya mbali mvua inapokata barabara. Sasa wakubwa wake walitaka iwe ya kushambulia. Kila ubavu uwekewe mkono wa chuma, na juu ya kila mkono ifungwe bunduki kubwa na mirija ya roketi. Mikono iliyoagizwa ng'ambo haikufika, na mtu alikuwa amemwambia kwamba Likasi kuna mzee aliyechomelea vyuma miaka mingi kiwandani, upande wa Shituru, na hakuna mshono wake uliowahi kupasuka.

"Papa, banasema weye njo maître," akaniambia, yaani mimi ndiye fundi wa mafundi.

"Banasema kweli," nikamjibu. Unyenyekevu haujawahi kunisumbua.

Elimu yangu yote ya ndege za vita ilitoka kwenye filamu ambazo shemeji yangu hunionyesha kwenye simu. Helikopta yenyewe nilikuwa nimeiona kwa chini tu, ikipita juu ya mji, nami nimeweka kiganja juu ya macho kama watu wengine. Lakini siku ile nilitoa mita, nikaenda na kapiteni hadi uwanja mdogo wa ndege, nikapima mbavu za ile mashine huku nikitikisa kichwa taratibu, kama daktari anayejua ugonjwa ila hataki kumtisha mgonjwa. Rubani alinitazama akiwa ameweka mikono nyuma. Nilidhani ananistahi.

Jumapili hiyo, baada ya misa, tulikuwa tunakula nyumbani, na binti yangu wa kwanza alikuwepo. Yeye ni muuguzi. Ndiye anayepanda helikopta hiyohiyo kwenda kuchukua wagonjwa. Ningepaswa kulitaja jambo hili mwanzoni, lakini nalitaja hapa kwa sababu hata mimi nililikumbuka hapo, tonge la bukari, ugali wetu, likiwa mkononi.

"Mama," nikamwambia, maana amechukua jina la mama yangu na ndivyo ninavyomwita, "ile helikopta yenu, minye njo nitaigeuza. Itakuwa ya vita."

Akaacha kula. "Papa, ile machine iko na vitanda mbili vya bagonjwa."

"Vitabakia. Nafasi iko."

"Shida haiko nafasi, shida iko kilo. Pilote anapimaka bantu yote mbele ya kuruka. Siku moja aliniambia niache viatu chini, juu ya kilo. Ukitia bunduki, vitanda vitatoka, na minye nitatoka. Sasa mama mwenye kushindwa kuzaa kule milimani, barabara ikikatika, nani ataenda kumuleta?"

Nilimjibu neno ambalo bado linanichoma. Nilimwambia kwamba yeye anajua sindano, mimi najua chuma, kila mtu akae kwenye kazi yake. Mke wangu akaondoa sahani ya samaki mbele yangu kabla sijamaliza. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu siku hiyo lilikuwa limeshazikwa na matanga yamekwisha.

Nikaanza kazi. Hapa lazima niseme jinsi sisi watu wa kiwandani tulivyolelewa. Tulikuwa tunatengeneza mifereji ambayo mawe ya shaba huteremka usiku na mchana, na mawe hayana huruma. Kitu kikivunjika, dawa ilikuwa moja: ongeza unene. Kikivunjika tena, ongeza tena. Hakuna msimamizi aliyewahi kukaripiwa kwa sababu mfereji wake ni mzito, kwa kuwa mfereji hauendi popote. Kwa hiyo nilichukua bamba zile nene ninazozijua, nikatengeneza mikono miwili ambayo tembo angeweza kulala juu yake. Katika wiki zile sikuwaza hata mara moja kwamba kitu hiki kinatakiwa kupaa.

Mishono, lakini! Hapo nitajisifu, na mnisamehe. Katika maisha yangu sijawahi kuchomelea vile. Ilikuwa imelala sawasawa, mstari juu ya mstari, bila tundu wala tone lililopotea. Nilipomaliza nikachukua nyundo na ile alama yangu ya kiwandani, nyota ndogo, nikaigonga kando ya kila mshono. Kwetu fundi aligonga alama yake ili kila mtu ajue ni nani wa kulaumiwa. Mimi niliigonga ili wajue ni nani wa kusifiwa.

Askari wanane waliibeba mikono ile kutoka kwenye lori, kwa mapumziko mawili njiani. Ikafungwa. Rubani akapanda peke yake, bila bunduki, bila risasi, bila abiria, akawasha. Vumbi likapanda, nyasi zikalala, kofia ya kapiteni ikaenda zake. Helikopta ikanguruma, ikatikisika, ikainuka kama urefu wa goti, ikafikiri kidogo, ikakaa chini. Rubani alijaribu mara tatu. Mara ya tatu aliteremka, akanipita bila kunitazama, na hapo nikaelewa kwamba hata siku ya kwanza hakuwa ananistahi.

Kapiteni hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Alikaa na rubani kwenye kivuli, wakaandika kilo kwenye karatasi, wakafuta, wakaandika tena, kisha akaja na jibu. Vitanda vya wagonjwa vitoke, pamoja na vyuma vinavyovishikilia, chupa ya hewa na sanduku la dawa. Muuguzi abaki chini. Hapo kilo zingetosha kwa bunduki na mtu wa kuipiga.

"Papa, kesho asubuhi ulete machine yako ya kukata," akaniambia. "Vile vyuma vya vitanda viliungwa ndani, haviwezi kutoka bule."

Kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye ningekata kazi ya binti yangu, vipande vipande. Nilirudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza mtaani watu waliniuliza habari za ndege nikajifanya sisikii.

Asubuhi alikuwepo kabla yangu. Alikuwa anakunja mablanketi ya vitanda na kuyaweka chini kwenye nyasi, moja juu ya jingine, akiyanyoosha pembe kama vile yangetumika siku hiyo. Hakunisalimia kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira. Aliitikia tu, "Eyo, papa, karibu, kata." Nilitazama mikono yake, nikaona aibu niliyostahili kuona tangu Jumapili ile ya bukari, na ilikuwa imekua kwa kuchelewa.

Nikamwambia kapiteni kwamba siwezi kukata chochote kabla ya kuthibitisha mikono yangu. Hiyo ni kweli. Ndiyo desturi yetu. Fundi haachi kazi bila kuipima kwa mafuta ya taa na chaki, ingawa mimi kwa majivuno nilikuwa nimeiruka hatua hiyo. Unapaka mafuta kwenye mshono, unangoja yaingie, unafuta mpaka pakauke kabisa, kisha unapaka chaki iliyosagwa. Kama kuna ufa, hata ule usioonekana kwa macho, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari wa kijivu juu ya weupe. Kiwandani tulisema chaki haina rafiki.

Nikapaka, nikangoja, nikafuta, nikapaka chaki. Nikapiga magoti mbele ya mshono mkubwa wa ubavu wa kulia na kungoja. Chaki ikakauka nyeupe, nyeupe ya gauni la komunyo ya kwanza. Hakuna mstari. Hakuna hata kivuli cha mstari. Ule ulikuwa mshono mzuri kuliko yote niliyoifanya tangu nizaliwe, na nyota yangu ilikuwa kando yake. Naungama kwamba nilikaa pale nikiupenda, kwa dakika nzima, mzee mzima.

Kisha nikageuza mgongo ili wasinione, nikachovya ukucha kwenye mafuta ya taa, nikachora.

Ulikuwa mstari mwembamba, wenye kona mbili, kama nyufa za kweli zinavyokwenda. Nimeona nyufa nyingi za watu wengine, kwa hiyo najua zilivyo. Nikangoja mafuta yanywewe na chaki. Nikasimama, nikaita.

"Mon capitaine, kuya uone. Soudure yangu imepasuka, ule mshono mukubwa."

Rubani ndiye aliyefika kwanza. Aliinama, akatazama, akanyoosha mgongo. "Minye siruki na hii," akasema. "Hata na amri, siruki." Nilitamani kumkumbatia, lakini alikuwa ananitazama kama kitu kilichokwama kwenye soli.

Kapiteni sasa akakasirika. "Papa, baliniambia weye njo maître!"

"Balidanganyika, mon capitaine. Macho imezeeka."

"Unaweza kurudilia?"

"Hapana. Chuma ikipasuka hivi, ukirudilia itapasuka pembeni. Na uzito itaongezeka tena." La pili lilikuwa kweli. La kwanza lilikuwa uongo ambao ningemfukuzia mwanafunzi yeyote karakanani kwangu.

Askari wale wanane, waliokuwa wamevunja migongo kwa ajili yangu, walicheka kwa haki yao. Mmoja aliuliza kama mzee anaweza kuwachomelea kiti cha kukalia chini, kwa kuwa cha kupaa kimemshinda. Kapiteni akaamuru mikono ifunguliwe. Baadaye wakubwa wake waliamua bunduki zile zifungwe kwenye malori, nayo helikopta wakaiacha ilivyo. Binti yangu aliokota mablanketi yake kutoka kwenye nyasi. Alipopita karibu alinishika bega, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, papa. Haiko kosa yako. Ni miaka." Nikagundua kwamba ameuamini ule ufa.

Sikumwambia. Yule mtoto amefanana na mama yake, uongo haukai usoni mwake hata kwa dakika. Kapiteni angemuuliza neno moja tu angejua yote. Nilimwambia padri peke yake. Aliniuliza kama najuta, nikamjibu kwamba uongo siujutii sana, ila ule mshono naulilia. Akanipa sala nyingi kuliko nilivyotarajia.

Toba ya kweli ilikuwa mtaani. Habari za ufa zilitembea Kikula haraka kuliko zilivyotembea zile za majigambo. Mama mmoja wa sokoni alikuja kuchukua mbabula aliyoniagiza, jiko dogo la mkaa ambalo hata likipasuka halimuui mtu, akatoa kwenye mkoba wake kichupa cha mafuta ya taa na kipande cha chaki ya shule. Alipima miguu yote mitatu mbele ya wateja wangu. Nilimshikia kichupa. Jirani muuza mkaa aliniuliza, kwa heshima zote, kama nafikiria kupumzika.

Nisingependa mnione mtakatifu. Kila siku nilijiona mjinga. Kuna asubuhi niliyoamka na kusema leo nakwenda kwa kapiteni, nampeleka mbele ya ule mshono, naufuta, naupima upya mbele yake, na jina langu litarudi. Nilifika mpaka kwenye kizingiti, viatu miguuni. Mke wangu akaniuliza ninakwenda wapi, nikasema kununua chumvi, ikabidi niende nikanunue chumvi.

Halafu mvua kubwa zikaja na barabara za milimani zikakatika. Mchana mmoja binti yangu aliingia karakanani akiwa bado na nguo za kazi, damu imekauka kwenye mikono ya gauni. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amemleta mama mwenye mapacha. Wa kwanza alikuwa ametoka tangu jana yake, wa pili amelala upande, na yule mama alikuwa ameanza kupoa miguu helikopta ilipotua. Sasa wako hospitali, wote watatu, wanapumua.

Akanishika mkono, kwa uangalifu, jinsi unavyogusa mahali penye kidonda.

"Papa, usikasirike, minye naona haya kukuambia. Mais kama ile soudure yako ingekuwa muzuri, ule mama angekufa."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Mawili tu yangetosha, naye angeniona tena maître.

"Eyo, mama," nikasema. "Ilikuwa mubaya sana."