Nyungu Tatu, Vidonge Kumi

Kwetu, mtu akishikwa na homa hupikiwa nyungu tatu. Huchumwa majani ya mwarobaini na mchaichai, yakachemshwa kwenye chungu, na mgonjwa akafunikwa blanketi avute mvuke mpaka jasho limchuruzike. Nyungu moja kila asubuhi, kwa siku tatu. Na akishaingia katika ya kwanza hatoki nje mpaka amalize ya tatu, kwa kuwa mwili uliofunguliwa na joto huingiwa na upepo. Ndivyo tulivyolelewa huko Kaloleni, na ndivyo tulivyokuja kuishi hapa Chaani, Changamwe.

Mume wangu alifukizwa zote tatu.

Alikuwa mpakizi wa mizigo katika ghala moja karibu na bandari, na alikuwa na kisukari. Alirudi Jumatatu anatetemeka, anakohoa kikohozi kikavu, mifupa yote inamuuma. Dada yangu mkubwa, ambaye chumba chake kinapakana na chetu, akatia chungu motoni. Mimi nikachuma majani. Alhamisi asubuhi mume wangu alikuwa hawezi kumaliza neno bila kuvuta pumzi, tukampeleka hospitali. Daktari akaniuliza, "Imeanza lini?"

Nikasema, "Jana."

Niliona haya. Sikutaka yule daktari afikiri sisi ni watu wa kukaa na mgonjwa ndani. Walimlaza, wakamtia oksijeni, wakampa dawa. Alifariki Jumapili alasiri, nimemshika mkono. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyejua. Lile neno moja nimelala nalo na kuamka nalo.

Mwaka uliofuata binti yetu alirudi nyumbani kuzaa mimba yake ya kwanza, kama desturi. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Siku moja alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, akaacha ghafla.

"Mama."

"Abee."

"Nahisi baridi."

Mombasa, mwezi wa jua kali, saa tisa mchana. Nilimgusa shingoni, nikatazama saa ya ukutani. Sijui kwa nini niliitazama. Kufikia magharibi alikuwa akikohoa kikohozi kile kile cha baba yake.

Asubuhi nilipotoka nilimkuta dada yangu uani, chungu kiko jikoni kinatokota, blanketi begani.

"Mlete mtoto," akasema.

"Nampeleka hospitali, dada."

Akacheka. "Mafua haya? Siku hizi mtu akipiga chafya mwataka alazwe. Mimi nimezaa sita, na wote nimewalea kwa nyungu."

"Najua."

"Sasa utamtoa nje na tumbo lile, na upepo huu?"

"Nitamtoa."

"Tangu lini umekuwa daktari wewe?"

"Sijawa."

Maisha yangu yote sijawahi kumpinga dada yangu. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipokuwa shamba. Lakini nilijua kwamba blanketi lile likishamfunika binti yangu, mlango utafungwa siku tatu. Nikachukua vitambaa viwili, nikakiepua chungu, nikakiweka chini. Dada akakitazama, kisha akanitazama mimi. Aliingia ndani kwake, na sisi tukapanda tuktuk.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu, amevaa barakoa. Aliuliza swali lile lile.

"Imeanza lini, mama?"

"Jana saa tisa mchana. Alikuwa akikuna nazi."

Aliinua kichwa. "Laiti wote wangenijibu hivyo," akasema, akaandika. Nilitazama sakafu.

Alimtia kijiti chenye pamba puani mpaka machozi yakamtoka. Baadaye akatuambia ni homa ya mafua yenyewe, virusi vyake, si malaria. Akasema hata kabla ya majibu angemwanzishia dawa, kwa kuwa mjamzito hangojewi. Vidonge kumi, viwili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa siku tano.

"Hivi vinaua hivyo virusi?" nikauliza.

"Haviviui, mama. Kirusi kikiingia mwilini hujificha ndani ya chembe hai moja ya mwili, humo kikazaa wenzake. Wakishakuwa tayari hujikata kutoka kwenye chembe hiyo, waende chembe nyingine. Dawa hii inawazuia kujikata. Wanabaki wamenasa pale pale, na mwili wenyewe unawamaliza."

Binti yangu alikuwa amelaza kichwa begani kwangu, macho amefumba. Nilidhani hasikii. Akasema, "Kama zile lori za baba. Zimepakiwa, lakini hazina karatasi ya kutokea getini."

Daktari akacheka. "Hasa! Na ndiyo sababu tunataka kuwahi. Zikishatoka nyingi, kufunga geti hakusaidii sana. Siku mbili za kwanza ndizo bora."

Siku mbili. Na sisi kwetu nyungu ni tatu. Nikazihesabu zile za mume wangu, Jumatatu mpaka Alhamisi. Nilimwuliza, pole pole, kama binti yangu atapona.

"Siwezi kukudanganya," akasema. "Si dawa ya miujiza. Mtu mwenye afya yake akiimeza mapema, hupona kama siku moja kabla ya yule ambaye hakuimeza. Basi. Lakini kwa mjamzito, mzee, mwenye kisukari, tunaitoa mapema tukitumaini kwamba ugonjwa hautashuka mapafuni. Mkiona anahema kwa shida, mrudi saa hiyo hiyo."

Siku moja. Mwingine angeona ni kidogo. Mimi niliitazama ile karatasi ya vidonge mkononi mwangu, kila kimoja kidogo kama kokwa ya tende, nikawaza kwamba kuna watu mahali fulani, nisiowajua na wasionijua, walikaa wakakichungulia kitu kisichoonekana mpaka wakajua kinapotokea, wakakitengenezea kufuli. Na kufuli hilo limefika mpaka Changamwe, kwa mtoto wangu. Nilishikwa na kicho nisichowahi kukihisi isipokuwa kanisani, na hata kanisani si kila Jumapili.

Kidonge cha kwanza alikitapika. Dada yangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anapita, akasema, "Si unaona!" Nilimpigia daktari kwenye ile nambari aliyotuandikia, akasema tumpe kingine baada ya chakula. Dada akaenda bila kuambiwa, akarudi na uji wa mtama, akamnywesha mwenyewe kijiko kwa kijiko.

Siku ya pili homa ilikuwa bado. Nilihesabu pumzi zake mpaka akaniambia, "Mama, wanitia woga." Siku ya tatu asubuhi, saa ambayo nyungu ya tatu ingekuwa jikoni, niliamka nikakuta kitanda kitupu. Alikuwa uani anawafukuza kuku kwenye nguo zilizoanikwa, anakohoa na kugomba. Akaniambia ana hamu ya mihogo ya kukaanga, pilipili nyingi.

Sisemi ni vile vidonge. Huenda angepona hata bila hivyo, wengi hupona. Wala sisemi mume wangu angekuwa hai. Daktari alisema wanaolazwa hupewa dawa hata wakichelewa, na huenda alipewa hiyo hiyo. Sijui. Ninachojua ni kwamba niliulizwa swali moja, na nikajibu uongo.

Siku ya tano, binti alipomeza kidonge cha mwisho, nilikwenda chumbani kwa dada nikamwambia. Kwamba nilisema jana, na zilikuwa siku nne.

Alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Siku ya pili shemeji aliniambia anataka hospitali," akasema. "Wewe ulikuwa bombani kwa maji. Nikamwambia amalize nyungu kwanza."

Nikavuta ungo upande wangu, tukachambua pamoja mpaka mchele ukaisha.

Mjukuu alizaliwa kwa wakati wake, mvulana, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Dada ndiye aliyempakata wa kwanza tulipomleta nyumbani. Mwarobaini bado anao uani, na sisi wakubwa tukipata mafua bado anatuchemshia. Lakini siku ile mtoto alipiga chafya moja ndogo mikononi mwake, na dada akanigeukia, uso umebadilika.

"Saa ngapi sasa?" akauliza. "Hebu itazame vizuri."