"Sijambo" ya Mama kwenye spika mpya

Jamani, leo nimelia dukani mbele za watu.

Nilikwenda Darajani kununua spika za kompyuta. Muuzaji akanambia, "Dada, zijaribu kwa sauti unayoijua vizuri."

Ninayoijua mimi ni ya marehemu mama. Ujumbe wake wa mwisho wa sauti, kutoka kijijini Chwaka: "Sijambo mwanangu, usije, fanya kazi zako."

Kwenye simu nshausikiliza mara mia.

Leo, kwenye spika zile, nikasikia na pumzi. Mama anahema. Kila neno analivuta kwa tabu.

Muuzaji akaniangalia. "Huyu mama anaumwa?"

Yeye kasikia mara moja tu, kajua.

Mimi niliambiwa "sijambo", sikwenda.

Nyinyi mama zenu wakisema "sijambo", huwa mnaamini?